Aliyeolewa Akiwa Hewani

Wewe unayesikiliza, umewahi kurudi nyumbani ukapigiwa vigelegele, ukainua mkono kushukuru, kisha ukagundua kwamba furaha ile si ya jambo unalolijua? Nzilani wa Nyamai, mrukaji, yalimpata hayo. Lakini tusianzie hapo, maana tutachanganyikiwa kabla ya wakati, na kuchanganyikiwa kuko kwingi mbele. Tuanze Tawa, siku ya soko, ndani ya duka la vyuma.

Soko lilikuwa limefurika siku hiyo. Ndengu zilikuwa zimemwagwa juu ya maturubai, kijani kitupu. Mhubiri mmoja alikuwa amefunga spika kwenye mti wa stima, na kila akisema haleluya, kuku waliofungwa miguu walishtuka. Nzilani alipita katikati ya hayo yote bila kununua hata nyanya. Alikuwa amevaa suruali ya michezo ya bluu iliyopauka magotini na fulana ya njano, na nywele amesukwa mistari iliyolala nyuma kama shamba lililolimwa vizuri. Alikuwa amekuja kutafuta reki. Aliiona imetundikwa ukutani, moja tu, meno yote kamili. Akanyoosha mkono. Mkono mwingine ukafika mara tu baada ya wake.

"Dada, hiyo nimeshalipia," kijana mmoja akasema.

"Umelipia na bado iko ukutani?"

"Nilikuwa nachagua misumari."

Mwenye duka, mama mmoja aliyeitwa Kavindu, akasema yeye hana la kuamua. Pesa ya kijana ameipokea, lakini mkono wa msichana ndio uliotangulia, na reki nyingine zitakuja wiki ijayo Mungu akipenda. Akarudi kupima waya.

Kijana akamtazama Nzilani kutoka kichwani hadi kwenye raba. "Kwani shamba lako ni kubwa kiasi gani?"

"Sina shamba. Nina mchanga."

"Mchanga unalimwa?"

"Unapaliliwa. Usipopaliliwa unakuwa kama sakafu, na mimi ndiye huwa naangukia hapo."

"Unaanguka kwa makusudi?"

"Kila siku isipokuwa Jumapili."

Ikabidi aeleze, na maneno peke yake hayakutosha, kwa hivyo wakatoka nje kwenye veranda. Unakuja mbio, akasema, unakanyaga ubao. Ukipitisha kidole tu mbele ya ubao, bendera nyekundu, umejisumbua bure. Unaruka kwa mguu mmoja na unatua na mguu ule ule. Kisha unatua na ule mwingine. Kisha ndiyo unaruka kabisa na kuangukia mchangani, makalio nyuma, mikono mbele. Akaonyesha polepole kutoka kwenye mfuko mmoja wa saruji hadi mwingine. Wauza ndengu wakaacha kuuza. Mzee mmoja akauliza kama hayo ni mambo ya kanisa.

Kijana akacheka mpaka akavua kofia yake ya kaki. Alikuwa mrefu, shati lake la mikono mirefu lilikuwa la rangi ya maziwa, viatu vyake ni gambuti, na alinukia sabuni na mbuzi, sabuni ikitangulia. Akampa reki. Akasema mbuzi wake hawajawahi kuvunjika mguu kwa sababu ya samadi kutosombwa, lakini mtu anayeruka namna hiyo anaweza. Ila akaomba namba ya simu, ajue reki yake inaendeleaje.

Jina lake lilikuwa Kanyi. Wazazi wake walikuwa Wakikuyu, walitoka Nyeri wakashuka hadi Kiboko, pale barabara ya Mombasa, kabla hajazaliwa. Baba yake alifariki, na mama yake, Wanjiro, ana kibanda cha chai ambapo madereva wa malori husimama. Kanyi alifuga mbuzi wale weupe wakubwa na kuwauzia wakulima madume ya mbegu. Alisema Kikamba hadi wazee wanasahau kwamba si mwana wao. Hilo la Kikamba uliweke akilini, maana ndilo lililoponza watu.

Nzilani naye kwao ni Migwani, upande wa Kitui. Pale Tawa alikaa kwa shangazi yake Mbinya, kwa sababu kocha wake, Mwalimu Evanson, alifundisha shule ya karibu, na uwanja wa shule hiyo ulikuwa na shimo la mchanga ambalo watu wengine walilifikiri ni la kuchanganyia simiti. Katika nchi hii ukisema wewe ni mwanariadha unaulizwa unakimbia mbio gani. Nzilani alizoea. Alianza akiwa darasa la sita, akiruka makorongo ya njia ya shule wakati wenzake wanazunguka, na Evanson akamwona kwenye michezo ya sekondari akamwambia miguu hiyo ina kazi yake. Baadaye ikamfikisha Kampala. Ikamfikisha Dakar, ambako alipata bendera nyekundu mara zote akalia chooni. Akarudi, akapalilia mchanga, akaendelea.

Simu za Kanyi zilianza na reki, ndiyo, lakini reki ina maneno mangapi? Baada ya wiki moja walikuwa wanaongea habari za mvua, za kanisa, za dereva wa lori aliyemwomba Wanjiro chapati za mkopo akaacha kiatu kama rehani. Kanyi alimwita Swara. Nzilani alimwita Bwana Reki.

"Swara wangu, leo umeanguka?"

"Nimeanguka vizuri. Na wewe umenuka?"

"Nimeoga mara mbili. Mama anauliza ni nani anayenifanya nimalize sabuni."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia ni mchanga fulani."

Siku za soko alikuja Tawa hata kama hakuwa na mbuzi wa kuuza. Alikaa kando ya uwanja akishika utepe wa kupimia, na Nzilani akitoka mchangani akiwa na chembe hadi kwenye kope, Kanyi alimpangusa na leso yake bila haraka, kama mtu anayepangusa sahani ya wageni. Evanson alijifanya anasoma saa. Mapenzi yalikuwa wazi kwa kila mtu. Lakini kuyasema kwa mdomo, yaani kusema mimi nakutaka na nataka tukae pamoja, hakuna aliyesema. Kanyi alikuwa mwoga wa kusema. Na Nzilani, kumbe, Mungu alimpa miguu mirefu akampunguzia ulimi. Utani aliuweza. Kujibu aliweza. Kusema mimi nataka hiki, hapo alishindwa tangu utotoni. Akiulizwa nyumbani anataka kipande gani cha kuku, alisema chochote.

Sasa sikia. Wiki ile kabla ya kwenda kwenye mashindano ya Afrika, Evanson alimwita ofisini akamwambia kuna klabu huko Ureno inamtaka. Wareno wanajua kuruka hatua tatu kama sisi tunavyojua mbio. Watamfundisha, watamlisha, watamlipia kila kitu miaka miwili, lakini wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Nzilani akasikia moyo ukiruka na kutua na mguu ule ule. Alitaka kwenda. Papo hapo akamwona Kanyi na gambuti zake, akataka kubaki. Akamwambia mwalimu, "Nitaona."

Jioni hiyo Kanyi alipopiga simu, Nzilani hakutaja Ureno. Alitaja jambo lingine lililokuwa linamuuma, kwamba ugonjwa umeingia Migwani na mbuzi wote wa baba yake wamekufa, zizi ni tupu, mzee anakaa mlangoni akitazama kamba zilizoning'inia. Kanyi akampa pole. Akasema, "Wewe nenda ukaruke. Usibebe mawazo ndani ya ndege." Wakaagana.

Akaenda. Na katika mruko wake wa mwisho, mvua ikinyunyiza, aliupata ubao sawasawa, akatua mbali kuliko alivyowahi kutua maishani, na akavishwa medali ya shaba. Alipiga simu nyumbani. Baba yake akasema asante Yesu, kisha akasema mambo mengine tutaongea ukifika. Nzilani hakujiuliza ni mambo gani.

Alifika Migwani mchana, amevaa jaketi la timu ya taifa, nyekundu na nyeusi na kijani, zipu wazi kidogo ili medali ionekane. Alipokata kona ya kanisa akasikia vigelegele. Akina mama walikuwa wamejipanga toka lango hadi mlangoni, leso mpya mpya, wakiimba na kutikisa mabega. Nzilani akainua mkono. Machozi yakamjia, akajiambia kumbe hata Migwani wanajua shaba ni nini.

Shangazi Mbinya akamfunga leso kiunoni juu ya suruali. Mama mmoja wa kwaya akamkumbatia akamwambia hongera mke wa Kanyi. Nzilani akadhani amesikia vibaya. Wa pili akasema vilevile. Wa tatu akamwuliza kama huko Kiboko kuna joto sana usiku. Medali ilikuwa inamgonga kifuani, na hakuna hata mmoja aliyeishika.

"Mwaitu," alimwita mama yake, Syokau, wakiwa jikoni, "kwani kuna nini?"

Syokau alikuwa anakoroga muthokoi kwenye sufuria kubwa, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe yake. Akafuta mikono. Akamshika bintiye akampeleka nyuma ya nyumba, zizini. Mlikuwa na mbuzi majike wawili, weupe, manyoya yanang'aa, masikio marefu. Kando yake, kwenye ua, ilikuwa imetandazwa ngozi ya wa tatu, beberu, imekaukia vijitini.

Kwa wasiojua desturi ya Ukambani niseme tu hivi. Mtu akitaka binti yako, anatuma wazee na mbuzi watatu, wakiitwa wa ntheo. Harusi ya kanisa inaweza kuja baadaye au isije, pesa zinaweza kuongewa hata miaka kumi. Lakini mbuzi hao wakipokewa, na mmoja akachinjwa, damu ikagusa udongo wa boma lenu, binti huyo ni mke wa watu. Mchungaji anajua hivyo, chifu anajua hivyo.

Nyamai alimweleza bintiye mwenyewe, polepole, akishika kofia. Ni kwamba wazee wawili walitoka Kiboko na pikapu, mkubwa wao akiitwa Mwangangi, mtu wa heshima, koti na kofia. Wakanywa chai. Wakasema kijana Kanyi amewatuma. Mbuzi wakashushwa, majike wawili na beberu, mbuzi ambao Nyamai hajawahi kufuga wazuri hivyo. Yeye aliona kijana ana adabu, na alishajua kutoka kwa Mbinya kwamba wanapendana. Hakumpigia simu kwa sababu alikuwa anakaribia kuruka, na mtu hamchanganyi mtoto kichwa akiwa kwenye mashindano.

"Ni siku gani hiyo, baba?"

Nyamai akahesabu vidole. Ilikuwa ni siku ile ile ya shaba. Saa ile, pengine, akiwa juu ya mchanga.

Nzilani aliingia chumbani akakaa kitandani na jaketi lake. Hakujua kama amekasirika au amefurahi au ana homa. Kanyi amemtaka, si ndilo alilokuwa akiliombea? Lakini mbona hakumwambia yeye? Aliyekuwa anaombwa ni nani? Akampigia Evanson, na Evanson, maskini, akakiri bila kujua anachokiri. Ndiyo, alikutana na Kanyi sokoni wiki ile ile, akamgusia habari ya Ureno, alidhani ameshaambiwa.

Hapo ndipo mambo yalipojipanga kichwani mwa Nzilani, na yalijipanga vibaya. Kanyi amesikia Ureno, akaogopa ndege, akaharakisha mbuzi. Angemfunga kwa waya wa dukani kwa Kavindu ingekuwa afadhali.

Simu ikalia. Bwana Reki.

"Swara wangu. Nimekutazama kwenye simu ya dereva mmoja, nimepiga kelele mpaka mama akamwaga chai. Umefika?"

"Nimefika. Nimewaona mbuzi."

"Ah, umewaona. Wako aje?"

"Wako salama, wale waliobaki. Mmoja amechinjwa."

"Amechinjwa?" Kanyi alisikika kama mtu aliyemeza mfupa. "Haya, sawa. Ni wa mzee, afanye anavyotaka. Ila ningeshauri beberu asichinjwe mapema."

Nzilani akaitoa simu sikioni akaitazama, kisha akairudisha. "Kanyi, mbona hukuniuliza kwanza?"

"Nilitaka iwe kitu cha kukushtua tu ukirudi. Ungeulizwa ungesema hapana, nakujua."

"Kwa hivyo ulijua ningesema hapana."

"Wewe huwa hutaki kupewa vitu."

"Na wewe unaona hicho ni kitu kidogo."

"Ni mbuzi tu, mpenzi. Nina wengine."

Akakata. Ni mbuzi tu. Ana wengine. Alizima simu, akaiwasha, akaifunga namba ile isimpate tena, akajifunika leso waliyomfunga. Asubuhi alipoamka alikuta ameshikilia medali, ameilalia, imemwachia alama ya duara shavuni.

Zikafuata siku za ajabu. Kanisani aliwekwa benchi la wake za watu. Alitoka asubuhi kukimbia, akina mama wakamwambia sasa apunguze, miguu ya mke wa watu si ya mashindano. Akimkasirikia Kanyi, moyo ulimtetea. Akimtetea, akakumbuka lile neno lake, nina wengine. Kuna wakati katika mruko, ukishaacha ubao, ambapo huwezi kurudi na bado hujui mguu unashuka wapi. Mwalimu humwambia asitazame chini. Nzilani alijiona yuko hapo, wiki nzima, na mwezi wa Wareno ulikuwa unaisha.

Mwishowe Syokau ndiye aliyesema. Alimwambia hakuna mtu wa boma hili atakayemlazimisha. Lakini kama hataki, kuna njia yake, ya zamani, nayo ni mbuzi wa kukataa. Anarudishwa mmoja kwa boma alikotoka, na ndoa imeisha. Ila ni kazi ya wanaume. Nyamai akasema yeye angekwenda, lakini ataenda na uso gani, na beberu la watu liko tumboni.

"Nitampeleka mimi," Nzilani akasema. Akashangaa kujisikia.

Kiema, jirani yao, alikuwa anapeleka maembe Makindu kwa pikapu yake, barabara ile ya Mutomo na Kibwezi. Nzilani akapanda naye mbele, mbuzi nyuma juu ya nyasi, amefungwa asile mzigo. Alikuwa amevaa gauni la kijani la kola, lile la kanisa, kwa kuwa hakujua mtu huvaa nini akienda kuachana na ndoa ambayo hakuiona. Njia nzima Kiema aliongea habari za bei ya maembe, na Nzilani akamshukuru Mungu kwamba hakuuliza lolote.

Kiboko kulikuwa na jua la kupasua kichwa. Malori yalikuwa yamejipanga kando ya lami, na kibanda cha Wanjiro kilikuwa kimepakwa rangi ya buluu, benchi mbili, birika kubwa linatoa mvuke. Wanjiro alikuwa mama mnene mwenye kitambaa cha maua kichwani. Alipomwona msichana akishuka na mbuzi akaweka chini chapati.

"Wewe si ndiye yule msichana wa kuruka? Nimekuona kwa simu. Karibu, keti, pole na jua. Hata hatujawahi kukutana."

Akampa chai, akampa chapati, akamwuliza mama yake anaitwaje. Nzilani akachanganyikiwa upya. Huyu ametuma mbuzi kwetu, anadai mimi ni mke wa mwanawe, halafu ananikaribisha kama mteja? Akanywa chai hivyo hivyo. Ilikuwa na tangawizi.

Kanyi alitoka nyuma akiwa amebeba debe la maji. Alipomwona aliliweka chini, nusu likamwagika kwenye gambuti. Alikuwa amekonda. Macho yake yakatoka kwa Nzilani, yakaenda kwa mbuzi, yakarudi, kisha, mfugaji ni mfugaji, akapiga magoti akamfungua mbuzi mdomo.

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa."

"Mbona umemrudisha?"

"Nimemrudisha kwa sababu nakataa."

"Unakataa mbuzi?"

"Nakukataa wewe, Kanyi. Nakataa kuolewa kama gunia, mimi niko ng'ambo, watu wanakunywa chai."

Dereva mmoja aliyekuwa anakula akajisogeza na sahani yake asikose neno. Kanyi alibaki amepiga magoti, mkono bado mdomoni mwa mbuzi. Akauliza, kwa sauti ya chini sana, nani ameolewa. Nzilani akasema mimi. Akauliza na nani. Nzilani akasema na wewe, tangu siku ya mashindano.

"Mimi nimeoa?" Kanyi akamgeukia mama yake kama mtoto aliyepotea sokoni. "Maitu, mimi nimeoa?"

Wanjiro akasema kama umeoa mimi sijala hiyo harusi. Akatoka nje, akamwita mzee Mwangangi, ambaye kama kawaida yake alikuwa ameketi mbele ya posho mill ya kusaga mahindi akingoja magazeti ya jana. Akaja na koti lake. Akaulizwa alichosema Migwani. Akavua kofia kwa mshangao wa mtu anayeulizwa jina lake.

"Nilisema mlichonituma niseme."

"Mzee, nilikutuma upeleke mbuzi," Kanyi akasema. "Zizi la baba yake lilikuwa tupu. Nilimpa wa kuanzia."

"Kanyi. Majike wawili na beberu mmoja. Kwa baba ya msichana unayempigia simu mpaka ng'ombe wanajua. Na wewe huna baba, unakuja kwangu mimi mzee, unaniambia nikupelekee kwa heshima. Ulitaka nikifika niseme nimeleta mahindi?"

"Huwezi kuanza zizi bila beberu."

"Na mimi ningejuaje hujui? Unaongea Kikamba kuliko wanangu."

Ni kweli, ntheo alikuwa ameisikia tangu utotoni. Lakini alikulia katika nyumba ya mama, na wenzake wakioa alialikwa kanisani na kwenye pilau, si ndani na wazee. Alidhani ni karamu. Alikuwa amehesabu mbuzi kama mfugaji, basi, na kila mtu mwingine njiani akawahesabu kama mkwe.

Mzee Mwangangi akaketi kwenye benchi, akamtazama mbuzi, akatikisa kichwa. Akasema kwa kuwa mbuzi huyo ameletwa na kufungwa hapa, kidesturi mambo yamekwisha. Wameoana na wameachana, na bwana harusi alikuwa anachota maji.

"Afadhali," Kanyi akasema.

Neno hilo lilimwingia Nzilani mahali ambapo hakujua kuna mlango. Alikuja kukataa mwenyewe, na sasa aliyekataliwa ni nani? Akainuka, akakunja gauni lake, akatafuta pikapu ya Kiema kwa macho, ambayo ilikuwa imesharudi Makindu.

"Nzilani, ngoja," Kanyi akasema. Alikuwa amesimama, maji yanamchuruzika. Hakumwita Swara. "Nasema afadhali kwa sababu sikutaka nikupate hivyo. Mwalimu aliniambia habari ya Ureno. Nikangoja uniambie wewe. Hukuniambia. Nikasema, nikimwomba abaki, nitakuwa nimemwibia miguu yake. Nikimwambia aende, atadhani simtaki. Nikanyamaza nikatafuta kitu cha kufanya na mikono, nikapeleka mbuzi. Kisha ukanifungia simu, nikajua umeshachagua ndege."

Nzilani alimsikiliza. Kwa hivyo alijua, na hakumfunga. Alikuwa amekaa na hofu ile ile, upande wa pili wa Ukambani, akiosha mabirika.

Wanjiro alisema jambo kwa Kikuyu ambalo Kanyi hakulitafsiri, na dereva akalipa chapati lakini hakuondoka. Mzee Mwangangi akainua mkono kuwanyamazisha. Akasema yeye amesema ya desturi, kijana amesema yake, hata mbuzi wamesemewa. Bado mmoja. Akamgeukia msichana.

"Mwiitu, wewe unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo na kisha akakaa kungoja jibu. Jibu la zamani likamjia mdomoni, lile la chochote, lile la nitaona. Lori likapita kwa kishindo, vikombe vikatetemeka, na wote wakaendelea kumtazama. Akavuta pumzi kama mtu aliye mwanzo wa njia ya kukimbilia.

"Nataka kwenda Ureno," akasema. "Nataka kuruka huko miaka yote miwili, nisikatizwe. Nitawajibu kesho. Hilo moja."

Akamtazama Kanyi.

"Na nakutaka wewe. Nilikutaka kabla hata hujamaliza kuchagua misumari. Nataka uje Migwani, bila mzee wa kukusemea, ukae mbele ya baba yangu na kiti chako, useme unanitaka na utaningoja. Kisha nataka baba anigeukie mimi, aniulize, watu wote wakiwa kimya. Na mimi ndiye nitakayesema ndiyo. Kwa mdomo wangu, Kanyi. Hiyo ndiyo nimekuwa nikiitaka."